Gari ya dizeli iliyotumika kwa mkaazi wa Mjini: faida iko wapi?

Mtu akitangaza tu kwamba anatafuta gari, barazani atajibiwa: "Chukua dizeli, haili mafuta." Hilo la mafuta silibishi. Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa asilimia 10 na kitu, na injini yake hukandamiza hewa zaidi, kwa hiyo kwa tangi moja inafika mbali. Ninachouliza ni mbali wapi. Unguja nzima, ncha hadi ncha, haifiki kilomita 90.

Tupige hesabu. Mtu anakaa Fuoni, kazi yake Mjini. Kwenda na kurudi, kushusha watoto skuli na kupita Mwanakwerekwe sokoni, tumpe kilomita 20 kwa siku, yaani kama 6,000 kwa mwaka. Gari ya petroli inayokwenda kilomita 10 kwa lita itamla lita 600. Ya dizeli ya ukubwa huo, tuseme inakwenda 13, itamla kama 460. Bei za mafuta zinazotangazwa na ZURA, mamlaka ya nishati ya Zanzibar, hubadilika kila mwezi, wala dizeli si lazima iwe chini ya petroli, basi tuweke shilingi 3,000 kwa zote mbili. Akiba ni kama 420,000 kwa mwaka mzima. Hapo hujamwaga oili, hujabadilisha filta ya dizeli, na hujagusa nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Injini hizi za sasa husukuma dizeli kwa presha kubwa mno, na maji kidogo au uchafu kwenye mafuta vinatosha kuua nozeli. Zikifa, akiba ya miaka inaondoka kwa wiki moja gereji.

Tena hiyo bado si shida kubwa. Dizeli nyingi za karibuni zinazotoka Japani zina DPF, chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Likijaa, kompyuta ya gari huongeza mafuta ili joto lipande hadi kama nyuzi 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka mwendo wa barabara ndefu, dakika kadhaa bila kukatizwa. Wewe unatoka Fuoni, foleni Amani, unazima Darajani. Masizi hayakuungua, na ile dizeli ya ziada inateremka kwenye oili. Anayetaka kununua afanye hivi: achomoe kijiti cha oili, akipanguse, akirudishe, akichomoe tena. Akikuta oili imepanda juu ya alama ya mwisho, na akiinusa inanuka dizeli, aiache gari hiyo hata ikiwa rangi yake inang'ara. Oili iliyozimuliwa namna hiyo hula tabo (turbo) na beringi za injini.

Na dawa ya mtaani mnaijua. Fundi anashusha DPF, analikata, analitoa matumbo, analichomea tena, na kompyuta inadanganywa. Mwenye gari anafurahi kwamba taa ya onyo kwenye dashibodi imezima. Hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu jambo si la mfuko wake tena. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Moshi huo anauvuta muuza urojo na mtoto anayesubiri daladala. Gari inayotoa moshi mweusi isipite ukaguzi, na DPF lililotobolewa lihesabiwe kuwa kasoro kama breki mbovu.

Najua jibu litakalokuja: mbona daladala zetu, chai maharage na Hiace, zimetulea miaka yote kwa dizeli? Kweli, lakini zile zinashinda barabarani kutwa. Anayepeleka wageni Nungwi kila siku, kama kilomita 120 kwenda na kurudi, kwa siku 300 ataokoa zaidi ya milioni 2 kwa hesabu ile ile, na DPF lake litapata moto linaouhitaji. Huyo anunue dizeli, simzuii. Na ndugu yetu wa Pemba anayebeba magunia ya karafuu akipanda na kushuka vilima vya Wete, petroli ndogo itamchosha. Nguvu ya dizeli kwenye mwendo mdogo ndiyo inayomfaa. Kwake ningesema atafute pikapu kongwe yenye pampu ya kawaida, isiyo na DPF wala kompyuta nyingi, na awe na desturi ya kuyatoa maji yanayojikusanya kwenye filta ya dizeli.

Lakini mwalimu, karani, mwenye duka Mchangani, kwa nini mnamsukumia mzigo huu? Gari ya petroli yenye injini ya lita moja na nusu kwa kawaida ina plagi nne, na fundi yeyote wa Jang'ombe anaijua.

Wenye dizeli zinazolala na kuamka Mjini, leteni hesabu zenu hapa: kilomita za mwaka, mafuta, oili, nozeli, na DPF kama bado lipo. Msilete mafuta peke yake.