Wauza monita mnatupiga mchana kweupe, Full HD iko kwenye stika tu!!

Wakuu habari zenu, leo mnivumilie maana nimevurugwa kwelikweli.

Mimi kazi zangu ni mahesabu, na laptopu yangu kioo ni 1366x768, yaani nukta za picha (pikseli) 1366 kwa upana na 768 kwa urefu, ukifungua Excel unaona safu chache halafu unaanza kusogeza kulia kushoto mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini. Nikasema nichukue monita ya pembeni ya Full HD, yaani 1920x1080, nipumue. Nikaingia duka moja Kariakoo, jamaa kila sentensi "bosi wangu", boksi lina stika kubwa ya dhahabu 1080p, akachomeka HDMI akaniwekea muvi, inapendeza balaa. Nikalipa.

Kufika home naiweka 1920x1080 nafungua Excel, herufi zina ukungu! 3 na 8 huzitofautishi, mistari ya jedwali mingine minene mingine haipo kabisa. Nikashusha mpaka 1366x768, maandishi yakanyooka fresh. Hapo ndo nikajua nimeliwa. Kioo kina pikseli 1366 kwa 768 basi, ila kinapokea picha ya 1080 halafu kinaifinya ili itoshe. 1920 mara 1080 ni pikseli milioni 2 na ushee, kioo chenyewe kina milioni 1 na kidogo, kwa hiyo karibu nusu ya nilicholipia hakipo! Kwenye muvi hushtuki kwa sababu picha inatembea na wewe umekaa mbali, maandishi ndo yanaumbua, na hawa watu wanajua ndo maana hakuna anayekuwashia Excel dukani.

Narudi, yule yule ananiambia "bosi wangu hiyo ni draiva tu". Draiva gani?? Draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia hiyo kadi, ikikosekana Windows inatumia ile ya kwake, Microsoft Basic Display Adapter, unakuta imeganda kwenye 1024x768 huko na haikubali kubadilishwa, hapo sawa weka draiva. Lakini draiva haizalishi pikseli jamani! Fundi wa pembeni naye akadakia eti tupige Windows mpya, kwa hela yangu lakini. Nilipobisha nikaonyeshwa risiti, chini kwa herufi ndogo ndogo, mali ikishauzwa hairudishwi.

TV za inchi 32 za HD Ready ndo mchezo huo huo, nyingi ni 1366x768.

Na laptopu za mtumba ndo usiseme. Mashine imetoka kiwandani na kioo cha 1080, kikipasuka wanafunga cha 768 kwa sababu ni rahisi na vingi vinatumia soketi ile ile ya pini 30, kinawaka bila shida yoyote, wewe unanunua kwa sifa za mtandaoni ukifungua setingi za skrini orodha inaishia 1366x768. Ukiuliza, draiva!

Kama unaenda kununua leo, geuza monita nyuma usome namba ya modeli uitafute kwenye simu, tafuta palipoandikwa native resolution, yaani pikseli halisi za kioo, achana na boksi. Halafu nenda na laptopu yako, bonyeza Windows na P uchague Extend (kila kioo kinajitegemea), maana ukiacha Duplicate (picha ile ile kote) monita inaweza kufuata kioo cha laptopu na hapo muuzaji anapata pa kujifichia. Weka risolusheni (idadi ya pikseli) anayoinadi, skeli (ukubwa wa maandishi) 100%, fungua Notepad uandike herufi ndogo usogeze macho karibu. Akianza kukwambia muda hana, toka.

Sasa wakuu, nani anajua duka hapa Dar wanalokubali upime kwa maandishi kabla hujatoa hela? Na wauzaji mliomo humu msinifuate PM na "nina mzigo mpya bosi wangu", wekeni namba ya modeli hapa hapa kila mtu aikague.