José Arcadio Buendía: mwenye maono, au mzigo kwa Úrsula?

Wakuu, kila ikitajwa Miaka Mia ya Upweke, riwaya ya Gabriel García Márquez ya 1967, wapo wanaompamba José Arcadio Buendía, mwasisi wa kijiji cha Macondo, kama mwanasayansi aliyezaliwa pasipo na maabara. Wanasema jamii zetu zinawaua wenye maono kwa kuwaita vichaa. Mimi napinga. Yule mzee alikula mtaji wa mkewe, na sifa nyingi anazopewa ni za Úrsula Iguarán.

Chukueni sumaku. Melquíades, mmoja wa Wajipsi, watu wa kuhamahama waliokuwa wakileta maajabu kijijini, anapita nyumba kwa nyumba akiburuta vyuma viwili, masufuria na makoleo yanaporomoka, misumari inahangaika kuchomoka. Mzee anaamua vitamvutia dhahabu kutoka ardhini. Melquíades, ambaye ndiye muuzaji, anamwambia wazi kwamba havifai kwa kazi hiyo! Hasikii. Anatoa nyumbu na mbuzi, wanyama ambao Úrsula alikuwa anawategemea waongeze kidogo walichonacho. Miezi inapita anaburuta vyuma hadi chini ya mto, na anachofukua ni deraya, vazi la chuma la vita, ya karne ya 15 yenye mifupa ya mtu ndani.

Halafu ikaja lenzi, aliyotaka kuifanya silaha ya vita. Hapo akarudisha sumaku na kuongeza sarafu tatu za dhahabu kutoka akiba ambayo baba yake Úrsula aliikusanya kwa kujinyima maisha yake yote, na Úrsula alikuwa ameifukia chini ya kitanda. Mama wa watu alilia. Mume akaendelea kujiunguza kwa majaribio, nusura ateketeze nyumba.

Najua mtaniletea dunia. Ni kweli, alijifungia na vifaa vya kupimia nyota mpaka akagundua mwenyewe kwamba dunia ni ya mviringo kama chungwa, na Melquíades akamsifu mbele ya kijiji kizima. Hilo ni kubwa, silipingi. Ila wakati huo nani alikuwa shambani? Úrsula na watoto, migongo imepinda kwenye ndizi, magimbi, mihogo, viazi vikuu, maboga na biringanya.

Mtasema pia dhahabu ya Úrsula aliyoiunguza kwenye chungu cha alkemia, ule ufundi wa kale wa kujaribu kuzalisha dhahabu, aliikomboa baadaye. Aliikomboa, na Úrsula akamshukuru Mungu. Lakini kumbukeni mtoto wao mkubwa alipooneshwa na kuulizwa anaona nini: akajibu, mavi ya mbwa. Baba akamtandika kofi la mdomo, damu ikatoka. Kwangu mimi ukurasa ule ndio ushahidi wa mwana aliyechoshwa na mambo ya nyumbani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba huyu hakuwa bwege tangu mwanzo. Kabla ya sumaku alikuwa kiongozi wa kupigiwa mfano. Alipanga nyumba za Macondo ili kila mtu afike mtoni kwa jasho lile lile, na asiwepo anayechomwa na jua kuliko jirani yake. Alishauri watu jinsi ya kupanda na kulea watoto. Uwezo alikuwa nao, akauacha.

Na ile safari yake ya kutafuta njia ya kwenda kwenye ustaarabu? Aliongoza wanaume msituni, wakakuta jahazi la Kihispania limekwama katikati ya miti, kisha bahari, akarudi akitangaza kwamba Macondo imezungukwa na maji pande zote. Úrsula alitoka tu kumfuata mwanawe aliyeondoka na Wajipsi. Mwana hakumpata, ila alirudi na watu kutoka miji iliyokuwa mwendo wa siku mbili tu, yenye barua kila mwezi. Biashara ya Macondo ilianzia hapo, na nyumba yao wenyewe iliendeshwa kwa peremende alizotengeneza Úrsula, majogoo na samaki wa sukari kwenye vijiti.

Kwa hiyo anayemtetea asinirushie neno "maono" na kukimbia. Anitajie jambo moja alilolianza baada ya Wajipsi kuja ambalo mkewe hakulilipia.