Hivi huu ni Ukristo au fasheni iliyookoka?

Mwana wa Tabata
Wakuu kwema? Jumapili nilialikwa na mfanyakazi mwenzangu kanisani kwao pande za Mbezi, lilikuwa godauni, ndani wamepaka rangi nyeusi, taa za bluu, na moshi ule wa harusini bibi harusi akiwa anaingia. Sina ugomvi na taa. Kilichonimaliza ni dada mmoja kiti cha mbele yangu, muda wa maombi kanyoosha simu juu anajirekodi anaomba, machozi yanamtoka kabisa, afu akanyamaza, akaicheki ile video, akaifuta, akajipangusa na kitambaa akaanza kuomba upya. Na machozi yakatoka tena!! Mahubiri yenyewe dakika ishirini, dhambi sikuisikia, msalaba sikuusikia, nilisikia "mlango wako umefunguka" na lipa namba iko kwenye skrini muda wote mpaka nimeikariri. Mathayo 6 Yesu alisema ukitaka kusali ingia chumba chako cha ndani ufunge mlango. Sasa nauliza, kuna imani hapo au tunaenda na upepo tu? Na nyie wa makanisa ya zamani msicheke, kwaya zenu zenyewe mwaka jana sare nne.

Alto wa Usharika
Samahani, hizo sare nne umezihesabia wapi? Mimi ni alto mwaka wa kumi na moja huu na sare najinunulia kwa jasho langu, hakuna muumini anayechangishwa hata mia. Kitenge cha Pasaka nilikitoa Kariakoo, fundi nimemlipa kwa mafungu matatu. Kwetu kuna mwenzetu anauza vitumbua stendi na mwingine ana magari mawili, siku ya sare ukiwapanga mstari mmoja huwezi kujua nani ni nani, ndo maana yake hiyo. Mtu hajawahi hata kushika kitabu cha nyimbo anakuja kutusema.

Kipara wa Kimara
Dada Alto kaulizwa habari za imani yeye kajibu habari za kitenge 😂😂

Alto wa Usharika
Nimejibu nilichosemwa. Na hajasema ni kwaya ya wapi.

Mbegu ya Haradali
Mimi nasali huko huko mnakokuita kwenye moshi. Nimekunywa tangu kidato cha nne, nimefukuzwa kazi mbili kwa ajili ya pombe, kanisa nililobatizwa jina langu walilijua kwenye bahasha tu na nilipopotea hakuna aliyeuliza. Siku niliyoingia kule kwa bahati mbaya, nilikuwa nakimbia mvua, kijana mmoja wa mlangoni akachukua namba yangu, kesho yake akanifuata geto, keshokutwa akaja tena, siku ya tatu kaja na mkate akanikuta nimelala na viatu. Mwaka wa tatu huu sijaonja. Sasa nyie mkisema taa za bluu mimi nawaangalia tu. Hata ngoma wamisionari walizikataa wakaziita za kishenzi, leo zinapigwa kwenye ibada mpaka vumbi na hamna anayesema fasheni.

Mzee wa Bahasha
Kijana hongera kwa kuacha pombe, kweli kabisa. Lakini msitusahaulishe ya Moshi mjini. Februari 2020 pale uwanja wa Majengo watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wanakimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Watu ishirini, wametoka majumbani mwao wanaenda kuombewa. Hayo ndo matunda ya haraka haraka, mtu anataka muujiza jioni hii hii kabla ya daladala ya mwisho. Na ni hao hao manabii wenu walioanza na kikombe cha dawa kule Loliondo 2012, buku kwa kichwa. Sisi Walutheri mambo hayo hatuna, ibada ina utaratibu wake na saa tatu na nusu umeshatoka.

Kipara wa Kimara
Shikamoo mzee wangu. Hapo umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe. Loliondo ilikuwa 2011, kikombe kilikuwa mia tano, na Babu Ambilikile Masapila alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT. Wa kwenu kabisa huyo. Watu walilala njiani siku na siku kwenye foleni ya kwenda Samunge, hadi vigogo walienda na mashangingi, na wengi ni hao hao wenye ibada yenye utaratibu.

Mzee wa Bahasha
Marahaba. Mstaafu ni mstaafu, hakutumwa na kanisa.

Kipara wa Kimara
Mzee wangu kile kikombe kingeponya ungemwita mstaafu au ungemwita mchungaji wetu? Nauliza tu.

Mzee wa Bahasha
Wewe kijana una majibu mengi, huko kwenu ulibarikiwa lini?

Kipara wa Kimara
Kipaimara nilipata, komunyo ndo sikumbuki mara ya mwisho 😂 mimi ni Mkristo wa Krismasi na misiba, sijaficha. Angalau sijirekodi.

Kobazi wa Magomeni
Mimi Muislamu, napita tu, msinipige mawe. Huu mjadala naufuata tangu asubuhi na nina swali moja. Kwa nini nyie mtu akifa anadaiwa? Jirani yangu hapa ukuta kwa ukuta alifariki mwezi wa tatu. Wakasema hajaonekana jumuiya muda mrefu, kadi yake ya zaka haijajazwa, basi padre hakuja. Katekista alikuja kwa kuibia, kasoma haraka haraka akaondoka. Kaburi tulichimba sisi vijana wa mtaani, wengi wetu Waislamu, na tulikuwa hatujui hata mnasemaje kabla ya kushusha mwili, tukamwacha binti yake aongee. Sasa mnabishana taa na vitenge.

Mama Wawili
Kaka Kobazi pole kwa jirani, ila usiongee upande mmoja. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya. Tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nyumba kwa nyumba, mishumaa yetu, masomo yetu, mgonjwa tunamjua na aliyefukuzwa kazi tunamjua. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua miaka ya 70 kanisa lianzie kwenye jumuiya ndogo ndogo walitaka hicho, mtu asipotelee kwenye umati. Sasa kuna mtu tunamgongea geti miaka mitano hafungui, anatuma mtoto aseme baba hayupo na redio tunaisikia inaongea ndani, akifa ndo ndugu wanakuja mbio wanataka padre, jeneza, na kwaya. Hiyo kadi sio deni, ni alama tu kwamba ulikuwa mwenzetu. Hata Mtume Paulo alisema dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane.

Mbegu ya Haradali
Mama, ni Yakobo. Yakobo 1:27. Na hakuweka kipengele cha kadi.

Mama Wawili
Ahsante mtumishi, Yakobo. Nimekosea jina sijakosea neno.

Kobazi wa Magomeni
Sasa mama yangu kwa heshima zote, mjane mwenyewe yupo. Nikikaa hapa barazani naliona dirisha lake, pazia la kijani, halijafunguliwa toka jana. Tangu mazishi jumuiya haijapita hata siku moja. Anayempelekea maji ni mke wangu.

Mama Wawili
Mtaa gani huo? Usiandike hapa, nitumie inbox.

Kobazi wa Magomeni
Nimetuma.

Alto wa Usharika
Mimi bado sijajibiwa kuhusu sare.

Mwana wa Tabata
Jamani nimetoka kazini nakuta tumeshafika makaburini. Swali langu lilikuwa dogo tu. Mbegu ya Haradali ushuhuda wako nauheshimu na sijasema huko hakuna mtu wa kweli, yule kijana wa mkate ni wa kweli. Ninachosema, huyo kijana angekufuata hata kama kanisa lingekuwa chini ya mwembe bila spika. Moshi haukukuletea mkate.

Mbegu ya Haradali
Ila kama si spika nisingesikia kuna watu mle ndani. Ningekimbilia baa iliyo pembeni, nayo ilikuwa na mziki.

Kipara wa Kimara
Duh. Hapo nimekaa kwanza.

Shangazi Mdogo
Mwana wa Tabata habari za jioni. Mimi ndo niliyekualika. Nimekujua kwa hiyo "kwema wakuu", ndo unavyosalimia ofisini kila asubuhi. Huyo dada unayemtangaza ni rafiki yangu, mama yake kapooza yuko Songea, kila Jumapili anamrekodia maombi anamtumia, mama anaangalia na wajukuu.

Mwana wa Tabata
Daah. Aisee shangazi samahani. Ila sasa mbona aliifuta?

Shangazi Mdogo
Kwa sababu nyuma yake ulikuwa unaonekana wewe unapiga miayo mdomo wazi, mpaka jino la dhahabu linaonekana. Angemtumia mama yake hiyo?

Kipara wa Kimara
😂😂😂😂 nimeanguka kwenye mwendokasi, watu wananishangaa

Mzee wa Bahasha
Mwana wa Tabata una jino la dhahabu na unasema watu kwa fasheni?

Mwana wa Tabata
Mzee hilo niliwekewa baada ya ajali ya bodaboda, ni habari nyingine kabisa. Na bado nasema, mama mgonjwa sawa, lakini wale wengine arobaini walionyoosha simu juu nao mama zao wako Songea? Msinizimie swali kwa sababu ya mtu mmoja.

Shangazi Mdogo
Ungewauliza. Ulitoka kabla ya sadaka.

Alto wa Usharika
Nimeongea na katibu wa kwaya sasa hivi tumehesabu pamoja. Mwaka jana sare zilikuwa tatu. Ya nne ilikuwa fulana ya mkutano wa injili, na fulana sio sare. Nasubiri Mwana wa Tabata arekebishe pale juu.