Gemu za kale: utamu uko kwenye gemu yenyewe, au ni mapenzi ya utotoni tu?

Kitufe_B

Wakuu, salaam. Kila zikitajwa Pac-Man, Tetris au Super Mario Bros., mjadala unaishia palepale: wakubwa wanasema hizo ndizo gemu, vijana wanajibu kwamba hayo ni mapenzi ya utotoni. Naomba tuyaweke mapenzi kando. Mtu ambaye hakukua nazo, akishika pedi leo kwa mara ya kwanza, atakuta nini ndani ya gemu yenyewe kitakachomfanya arudi kesho?

Na je, gemu kuwa tamu, kuwa na uzito wa kihistoria, na kuziathiri zilizofuata ni jambo moja au matatu? Nataka hoja zinazoshikika: kasi, kanuni, namba. Ile ya "zilikuwa na roho" haitusaidii.

Msaka_Mizimu

Mkuu, anza na Pac-Man ya 1980, ambako unaongoza mdomo unaokula vitone kwenye vichochoro huku mizimu ikikusaka. Utamu wake uko kwa mizimu wale wanne, kwa sababu kila mmoja ana kanuni fupi ya kukuwinda na haivunji kamwe. Ramani imegawanywa vigae vidogo. Blinky, yule mwekundu, analenga kigae ulichopo. Pinky analenga vigae vinne mbele ya unakoelekea, ndiyo maana kila mara unahisi anakukatia njia. Inky anapima mstari kutoka alipo Blinky hadi vigae viwili mbele yako, kisha anaurefusha mara mbili. Kwa hiyo huwezi kumwelewa bila kujua Blinky yuko wapi. Clyde anakufuata akiwa mbali zaidi ya vigae vinane, akikaribia anakata shauri na kurudi kwenye kona yake ya chini kushoto. Kanuni nne tu, lakini ukiziweka pamoja unapata mtego unaobana pande zote.

Juu ya hapo kuna mawimbi. Levo ya kwanza inaanza na sekunde 7 za mizimu kutawanyika kwenye kona zao, kisha sekunde 20 za kukuwinda, halafu mzunguko unarudi. Wimbi linapobadilika wote wanageuza mwelekeo kwa pamoja. Mchezaji mzoefu anaisoma ishara hiyo bila kutazama saa.

Kuna jambo wengi wanacheza miaka bila kuligundua: Pac-Man anasimama fremu moja (picha moja kati ya 60 za kila sekunde) kwa kila kitone anachokula. Kwenye levo ya kwanza kasi yake ya kawaida ni 80% ya kasi ya juu kabisa, lakini akiwa anakula inashuka hadi kama 71%, na mizimu wako 75%. Maana yake, kwenye njia yenye vitone unakamatwa, kwenye njia uliyokwisha kuifagia unawaacha. Kwenye handaki la pembeni wao wanashuka hadi 40%. Ukifa, sababu ipo na unaweza kuitaja: ulikula ulipopaswa kukimbia. Hata mizimu wakiwa bluu, pale wanapoweza kuliwa, wakitangatanga, mpangilio wa namba unaoamua wageukie wapi unaanza upya uleule kila levo na kila unapopoteza maisha. Ndiyo maana watu waliweza kukariri njia kamili za kumaliza levo.

Jibu langu kwa swali lako ni hilo: gemu inadumu pale kanuni zake ni chache, hazibadiliki, na kosa lako linasomeka.

Safu_Tano

Nakazia. Ila tusisahau mchango wa mashine yenyewe. Kwenye Space Invaders ya 1978 kuna wavamizi 55, safu tano za kumi na moja, na programu inasogeza mvamizi mmoja tu kwa kila fremu. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kundi zima linatumia karibu sekunde moja kupiga hatua moja. Kila unayemuua anafupisha mzunguko, hadi yule wa mwisho anasogea kila fremu. Tomohiro Nishikado, aliyeiunda, aliona jambo hilo likitokana na uwezo mdogo wa mashine na akaliacha makusudi. Mdundo wa noti nne nao unakaza mwendo. Ugumu unapanda kwa mkono wako mwenyewe, bila mtu kuupangia ratiba. Ufinyu wa mashine ndio uliozaa gemu nzuri.

Baiti128

Hapo kwenye sentensi ya mwisho naomba kutofautiana nawe. Ufinyu ungekuwa unazaa ubora, basi kila gemu ya Atari 2600 ingekuwa dhahabu. Mashine ile ya nyumbani ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya baiti 128, baiti siyo kilobaiti.

Chukua gemu mbili za mwaka uleule, 1982, kwenye mashine ileile. Pitfall! ya David Crane ilikaa kwenye kaseti ya kilobaiti 4. Ina skrini 255, na hakuna hata moja iliyohifadhiwa: namba moja ya biti 8 inasogezwa na kuchanganywa kwa kanuni, na biti zake zinaamua skrini hiyo ina shimo, magogo, mamba au hazina. Kwa kuwa kanuni hiyo inaweza kurudishwa kinyume, ukirudi kushoto unakuta msitu uleule ulioupita. Unaweza kuchora ramani. Una dakika 20 na hazina 32, na mamba wanafumbua na kufumba mdomo kwa mpigo usiobadilika.

E.T. ilikuwa na kilobaiti 8, mara mbili ya nafasi ya Pitfall!, ila ilitengenezwa kwa takriban wiki tano. Tatizo lake kubwa linaonekana ndani ya dakika moja. Mhusika amechorwa kana kwamba unamtazama kutoka ubavuni, lakini mashimo yanamkagua nukta kwa nukta: kichwa kikigusa ukingo wa shimo anatumbukia, hata kama miguu iko kwenye ardhi kavu. Unapanda, unatoka, unasogea kidogo upande usiofaa, unatumbukia tena. Jicho linaona salama, programu inasema umeanguka. Mfinyo ni uleule kwa gemu zote mbili. Kilichotofautiana ni muda wa kuijaribu, na kukubaliana kwa kinachoonekana na kinachohesabiwa.

Safu_Tano

Nimekuelewa, Baiti128. Basi niseme hivi: ufinyu ulileta nafasi, mbunifu ndiye aliyeamua kuichukua. Nishikado angeweza kusawazisha ile kasi na gemu ingekufa.

Chumba_E1M1

Kuhusu swali la pili la mleta mada: ni mambo matatu, na yakichanganywa mjadala hauishi.

Pong ya 1972 ina uzito wa kihistoria usiopingika. Ina hata werevu ambao watu hawausemi: Allan Alcorn aliigawa pedo, kibao cha kurudishia mpira, vipande vinane, na kipande mpira unapogonga ndicho kinachoamua pembe ya kurudi, huku kasi ikiongezeka kadiri mpira unavyopigwa. Lakini inahitaji watu wawili, na ukishaonja pembe zote umeimaliza.

Doom ya 1993 ndiyo mfano wa athari. Watu wanataja bunduki na damu. Mimi nataja faili. id Software waliziweka ramani, picha na sauti kwenye faili la WAD, mbali na injini, yaani programu inayoiendesha gemu. Mtu aliweza kutengeneza ramani zake na kuzipakia bila kugusa programu yenyewe. Sehemu ya kwanza, ramani tisa, iligawiwa bure. Mwaka 1997 msimbo wa injini ukatolewa hadharani, na hadi leo unaendeshwa kwenye vifaa ambavyo havikukusudiwa gemu kabisa. Kizazi kizima cha wabunifu kilijifunza kazi kwa kuchokonoa WAD za wenzao.

Wakati mwingine athari inatoka kwa kitufe kimoja. Ocarina of Time ya 1998 ilikupa kitufe cha Z cha kumfunga adui machoni, ukamzunguka bila kupigana na kamera. Gemu nyingi za upanga za 3D zilizofuata zina kitu cha namna hiyo.

Kitufe_B

Shukrani wakuu, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Swali la nyongeza: wengi wanaoonja Super Mario Bros. leo kwa emuleta (programu inayoigiza mashine ya zamani) kwenye TV kubwa wanasema Mario "mzito", anachelewa kuruka. Hilo ni la gemu au la vifaa?

Fremu60

La vifaa, karibu kila mara. Gemu hiyo ya 1985 inasoma pedi kila fremu, yaani kila milisekunde 16.7. Kwenye TV ya kichogo matokeo yanaonekana ndani ya fremu moja au mbili. TV bapa inayosafisha picha inaweza kuongeza milisekunde 50 hadi 100 na zaidi. Milisekunde 100 ni fremu sita. Na kuruka kwa Mario kunategemea muda ulioshikilia kitufe: ukigusa anaruka kidogo, ukishikilia anapanda juu zaidi. Ukicheleweshewa picha, unaachia kitufe kwa kubahatisha, na sehemu tamu kuliko zote inapotea.

Fanya hivi kwa mpangilio. Kwanza washa hali ya gemu kwenye TV, maana hapo ndipo panapookoa muda mwingi zaidi. Pili, tumia pedi ya waya. Tatu, kama emuleta yako ni RetroArch, simamisha gemu kwa P, shikilia kitufe cha kuruka, kisha bonyeza K kusogeza fremu mojamoja ukihesabu hadi Mario aanze kuruka. Akiruka fremu ya pili, weka run-ahead (mpangilio wa kukokotoa fremu za mbele ili kufuta ucheleweshaji) 1. Ya tatu, weka 2. Usizidishe: ukivuka hesabu hiyo, mwanzo wa miondoko unarukwa na picha inagutuka. Kompyuta dhaifu nayo italemewa, kwa sababu inakokotoa fremu za ziada kila mara.

Jambo la mwisho, kagua toleo. Matoleo ya Ulaya yaliendeshwa kwa fremu 50, na gemu nyingi hazikurekebishwa, kwa hiyo zinakwenda kama 17% polepole, muziki pamoja nao. Ukitaka kuzihukumu kwa haki tafuta la fremu 60.

Msaka_Mizimu

Fremu60 kagusa penyewe. Na kabla hujalaumu gemu hiyo, tazama levo 1-1: kuna ngazi mbili zinazotazamana zenye ardhi katikati, na mara tu baada yake nyingine mbili zenye shimo. Ruko lilelile, kwanza bila adhabu.

Mstari_wa_Nne

Nimwongezee Msaka_Mizimu kitu kuhusu "kanuni zisizobadilika", kwa sababu Tetris, gemu ya kupanga maumbo yanayoshuka ili kujaza mistari, inaishi kwa bahati nasibu na bado inasimama. Toleo la 1989 la NES, mashine ya Nintendo, linachagua umbo kwa kurusha namba, likirudiwa umbo lililopita linarusha mara moja tena, basi. Unaweza kukaa maumbo 30 bila kuona ule mti mrefu, umbo la vigae vinne vilivyonyooka. Matoleo ya sasa yanaweka maumbo saba kwenye mfuko mmoja na kuyatoa yote kabla ya kuujaza upya, hivyo kati ya mti mmoja na mwingine hayapiti maumbo zaidi ya 12.

Wengi wanaona mfuko ni haki zaidi. Mimi naona ukame wa NES ndio unaopima mtu: unajenga ukingoja mti kwa mistari minne, au unakubali mistari miwili ukaokoka?

Kanuni imara ziko kwingine. Ukishikilia mshale, umbo linasogea, linangoja fremu 16, kisha linasogea kila fremu 6. Levo ya 29 umbo linashuka mstari mmoja kila fremu, na uwanja una mistari 20. Hatua tano za kufika ukutani kwa kushikilia zinazidi fremu 20, kwa hiyo umbo halifiki. Kwa miaka mingi watu waliihesabu kuwa mwisho wa gemu. Kisha wachezaji wakageuza mkono: kidole gumba kinakaa kidogo tu juu ya mshale, na vidole vya mkono wa pili vinapiga mgongo wa pedi kama ngoma, kila kidole bonyezo moja. Wachache walishaipita levo ya 29 kwa kugonga mshale harakaharaka; kwa mtindo huu watu wakaenda mbali zaidi, kwenye kaseti ileile ya 1989.