Mjadala: Je, tarumbeta ya Armstrong ilikuwa sauti yake au sauti ya serikali yake?

Wapo wanaoshikilia kwamba msanii anayesafiri kwa fedha za taifa kubwa ni mpiga debe wa sera za taifa hilo, basi. Nakubaliana nao nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo ninayoomba tuijadili, tukiutazama muziki wa jazi wakati wa Vita Baridi, hasa ule wa Mmarekani Mweusi, mpiga tarumbeta Louis Armstrong.

Mwaka 1956 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilimtuma mpiga tarumbeta wa jazi Dizzy Gillespie, pamoja na bendi iliyochanganya Weusi na Weupe, akapige muziki Mashariki ya Kati, Asia ya Kusini na nchi za Balkani, kwa kuwa Wasovieti hawakuchoka kuuanika ubaguzi wa rangi wa Marekani mbele ya walimwengu. Tatizo ni kwamba waliopewa kazi ya kuisafisha sura ya nchi walikuwa wakiubeba ubaguzi huo migongoni mwao. Septemba 1957, gavana wa Arkansas alipotumia askari kuwazuia wanafunzi tisa Weusi wasiingie shule ya sekondari mjini Little Rock, Louis Armstrong aliishutumu serikali hadharani na kuikataa ziara iliyokuwa ikipangwa ya Umoja wa Kisovieti. Naamini kukataa kule kuliipa tarumbeta yake heshima ambayo wizara isingeweza kuinunua, na hapo ndipo ninapoachana na wale wanaomwita kila msanii wa aina hiyo kibaraka.

Hata hivyo, Kongo inanikosesha raha. Mwishoni mwa Oktoba 1960 Armstrong, safari hii akiwa ametumwa na serikali hiyohiyo, alipokewa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kwa shangwe kubwa, akabebwa juu kwenye kiti kama mfalme. Katika mji huohuo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alikuwa ameondolewa madarakani na kuzuiliwa nyumbani kwake, na shirika la ujasusi la Marekani lilikuwa limekwisha kupeleka huko sumu ya kumuua, kama uchunguzi wa Seneti ya Marekani ulivyokuja kubainisha mwaka 1975. Sumu haikutumika, lakini tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa katika jimbo la Katanga.

Simtwiki Armstrong mzigo wa damu hiyo, wala siibezi furaha ya waliocheza siku ile, maana ilikuwa furaha ya kweli. Ninaishitaki serikali iliyotuma tarumbeta na sumu katika mji mmoja. Anayeamini kwamba ziara ile inaweza kupimwa kwa muziki wake peke yake, na atoe hoja yake hapa.