Mfumo wa mikopo wa SACCOS: tujenge kwa mfuatano au kwa mizunguko?

Muulizaji: Wakuu, habari za kazi. Tunatengeneza mfumo wa mikopo wa SACCOS moja, na bodi inataka mahitaji yote yaandikwe na kusainiwa kabla hatujaanza kuandika programu, ilhali wenzangu wanapendelea kutoa kipande kidogo kila baada ya wiki mbili. Tufuate njia ipi?

Jibu la 1: Ndugu, hata Winston Royce, mtaalamu wa uundaji wa programu ambaye makala yake ya mwaka 1970 hutajwa kuwa chimbuko la njia ya mfuatano (kumaliza hatua moja kabla ya kuanza nyingine, kama bodi yenu inavyotaka), alionya humo humo kwamba kuacha majaribio hadi mwisho ni hatari, kwa sababu kasoro inayogunduliwa hapo huweza kukurudisha hadi kwenye usanifu. Tazama pia M-Pesa: majaribio yaliyoanza Kenya mwaka 2005 yalilenga marejesho ya mikopo midogo, lakini watumiaji wakaonekana wakitumiana fedha, na huduma iliyozinduliwa mwaka 2007 ikajengwa juu ya hitaji hilo. Sioni waraka wa mahitaji ambao ungeweza kulibaini mapema.

Jibu la 2: Nakubali, ila kanuni za kukokotoa riba hazibadiliki kila wiki, hizo ziandikwe na kuidhinishwa kwanza. Skrini za karani wa dirishani ndizo za kujengwa kwa mizunguko, na karani mwenyewe azijaribu huku mkopaji amesimama mbele yake.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nitaiomba bodi isaini kanuni za riba pekee, kisha tuanze na fomu ya maombi ya mkopo.