Tenzi zinafifia ibada ya pili, tufanyeje?

Kinara_wa_Sifa: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Ibada yetu ya pili ina vijana wengi, kinanda, gitaa la besi na dramu. Mapambio yanawaka, lakini ikifika zamu ya tenzi watu wananong'ona. Wazee wa kanisa hawataki ziondolewe. Tubadili midundo, tupunguze beti, au tuzihamishie ibada ya kwanza?

Solfa_Kavu: Amina mtumishi. Usihamishe kitu, angalia kwanza Do yenu, yaani noti ya kwanza ya ngazi ya wimbo, iko wapi. Tenzi nyingi zimepangwa kwa sauti nne. Mkiimba wote sauti ya kwanza, ile ya juu, wanaume wa besi wanabanwa koo na kunyamaza. Tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo. Kwa waumini wa kawaida asubuhi isizidi noti ya D kwenye kinanda. "Yesu kwetu ni rafiki" inatembea kutoka s (So) ya chini hadi l (La). Do ikiwa F, kilele ni D, kila mtu anafika. Mpiga kinanda akihamia G kwa kuwa vidole vyake vimezoea, kilele kinakuwa E na nusu ya kanisa inaachia. Transpozi -2, yaani kitufe cha kinanda kinachoshusha sauti nusu-toni mbili, inamaliza ugomvi huo.

Dramu_Polepole: Kwenye midundo, angalieni tenzi za 3/4, zenye mapigo matatu kila kipimo. "Neema ya ajabu" inaanza na pigo la 3, yaani silabi ya kwanza ni ya kuingilia tu. Kijana akipiga kiki (dramu kubwa ya mguu) hapo hapo, wimbo mzima umepinduka. Kosa jingine ni kuwasha biti ya 4/4 ya kinanda, yenye mapigo manne: maneno yanavutwa kujaza pigo lisilokuwepo. Wekeni biti ya 6/8, inayohesabiwa tatu tatu, kiki kwenye pigo la 1, hi-hati (matoazi mawili ya mguu) nyepesi. Na dramu zisiingie kabla ya ubeti wa pili, tafadhali.

Mama_Kiitikio: Kupunguza beti mimi nakataa, angalau msikate bila kusoma. Ule wimbo wa Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa, uliotokana na Zaburi 46, ubeti wa kwanza unaishia kwa adui ambaye duniani hana wa kufanana naye. Kristo anaingia ubeti wa pili. Ukiimba mmoja ukakaa, umemwachia shetani neno la mwisho! Muda ukibana, fupisha matangazo.

Kinara_wa_Sifa: Asanteni sana. Na "Ni salama rohoni mwangu"? Kiitikio kinakimbia kila Jumapili.

Solfa_Kavu: Hapo kuna mwitikio. Sauti za kike zinatangulia, za kiume zinajibu wakati za kike zimeshikilia noti. Mkiimba wote sauti moja, ile nafasi ya jibu inamezwa na mstari unaofuata unawahi. Gawa kanisa: kina mama na watoto watangulie, kina baba wajibu. Wewe mwenye kipaza sauti imba jibu tu, maana ukiimba sehemu zote mbili watakufuata wewe.

Dramu_Polepole: Na dramu zinyamaze kwenye kiitikio cha kwanza, wasikilizane.